Foresta anasema ana kibali: je, raia anaweza kwenda mahakamani?

SWALI: Wakili, mimi ni mkulima na mwanachama wa CFA, chama cha jamii cha kutunza msitu, upande wa Elburgon, Kaunti ya Nakuru. Watu wa mashine za mbao waliingia msitu wa serikali nyuma ya kijiji chetu, wakafyeka kipande kizima cha saipresi bila kubakisha mti hata mmoja. Sasa wanashuka bondeni penye chemchemi tunayoteka maji, na huko kuna mitarakwa na podo, miti ya kiasili ya tangu enzi za babu zetu. Foresta, yule afisa wa msitu, anasema wana kibali. Mwenyekiti wetu wa CFA anasema alitia sahihi kwa niaba yetu sote. Je, mtu kama mimi, asiye na hata nukta ya ardhi ndani ya msitu, anaweza kushtaki? Na tukishindwa, ng'ombe wangu watauzwa kulipia gharama?

JIBU:

Ndiyo mama, unaweza kwenda mahakamani, na huhitaji ruhusa ya mwenyekiti wala ya foresta. Lakini kabla hujamtafuta wakili, elewa jambo ambalo limewaangusha watu wengi wenye haki kama wewe. Kesi za namna hii huamuliwa kwa karatasi na kwa tarehe. Karatasi, kwa sababu si kila ufyekaji ni haramu. Tarehe, kwa sababu hakuna jaji anayeweza kuusimamisha tena mti ulioanguka.

Nianze na lile lisilopendeza. Saipresi za Elburgon, Molo na Njoro zilipandwa ili zikatwe. Hizo ni mashamba ya miti ya serikali, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakubali kwamba lengo lake kuu ni mbao. Saipresi ya mbao hufikia umri wa kukatwa ikiwa na miaka kama 30, na kawaida yake kipande chote hukatwa kwa mpigo, kisha wakulima wakapewa nafasi za kulima chini ya mpango wa PELIS, ule tuliouita zamani shamba system, huku wakitunza miche mipya. Nimeona wanakijiji wakifika kortini na picha ya mlima uliobaki uchi, wakiamini picha inatosha. Wakili wa upande wa pili anasimama, anaonyesha mwaka miti ilipopandwa, ukurasa wa mpango ulioruhusu kipande hicho kikatwe, na risiti ya malipo. Kesi inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kile kipande cha saipresi, ijapokuwa kinauma kukitazama, huenda kilikatwa kihalali kabisa.

Bondeni ni habari nyingine. Uvunaji wa miti ya kiasili katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku kwa agizo la rais mwaka 1986, na sheria ya 2016 inataka misitu ya kiasili isimamiwe kwa ajili ya maji, udongo, viumbe na matumizi ya kitamaduni ya jamii. Leseni ya kuvuna saipresi haimpi mtu mtarakwa mmoja. Zaidi ya hayo, ukanda wa kando ya mto una ulinzi wake katika kanuni za maji, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutegemea upana wa mto. Ndiyo maana ningekushauri kesi yako uijenge bondeni. Ukidai kila kitu, utampa mpinzani nafasi ya kukujibu pale alipo na nguvu, na jaji atatoka hapo akidhani hujui unacholalamikia.

Sasa karatasi. Kifungu cha 47 cha sheria hiyo kinasema kila msitu wa umma usimamiwe kwa kufuata mpango wa usimamizi. Huo ndio unaoutaka kwanza. Ndani yake utaona msitu wenu umegawanywaje: wapi ni mashamba ya miti, wapi ni msitu wa kiasili, wapi ni eneo la kulinda vyanzo vya maji. Ukishaupata, tafuta ratiba ya ukataji ya mwaka huu, mkataba au leseni ya huyo mwenye mashine pamoja na ramani ya kipande alichouziwa, halafu vibali vya kusafirishia magogo. Mara nyingi ukweli hujitokeza pale karatasi hizi zinapogongana: mpango unataja kipande kimoja, leseni inataja kingine, na lori limebeba kitu cha tatu.

Foresta hana haki ya kukwambia hizo ni siri za ofisi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Andika barua fupi, kwa Kiswahili ukitaka, taja karatasi unazozihitaji moja moja, peleka nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikunyima, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaiita Ombudsman. Hata wakinyamaza, barua yenye muhuri isiyojibiwa ni ushahidi mzuri sana, kwa sababu jaji atauliza kwa nini ofisi yenye kibali halali ilishindwa kukionyesha. Ila kama misumeno inanguruma bondeni leo, usisubiri siku 21. Peleka barua asubuhi, na maandalizi ya kesi yaendelee mchana huohuo.

Kuhusu ushahidi wa msituni nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wanavijiji wanaweza kuwazidi mawakili. Nenda bondeni na wenzako wawili watatu, mchana, na msiguse gogo lolote. Chukueni futi ya fundi cherehani. Kwa kila kisiki andikeni aina ya mti, upana wa kisiki, na hatua ngapi kutoka ukingo wa maji. Tazameni kama kuna alama ya nyundo: miti inayouzwa na KFS, yaani Shirika la Misitu la Kenya, hugongwa alama kwa nyundo maalum ya chuma, na kisiki cha mtarakwa kisicho na alama hiyo ni swali ambalo foresta atalazimika kulijibu kwa kiapo. Pigeni picha kwa simu ambayo huduma ya mahali (location) imewashwa, ili picha ibaki na tarehe na eneo. Picha moja iwe ya karibu, futi ikiwa imelazwa juu ya kisiki, nyingine ya mbali ikionyesha kisiki na chemchemi kwa pamoja. Mwenye simu asizifute hata baada ya kuzituma, kwa maana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai hati inayoeleza picha zilipigwa kwa chombo gani na zilitolewaje, na yeye ndiye atakayeitia sahihi. Nimesoma hati za kiapo zinazosema tu kwamba "miti mingi sana ilikatwa". Sentensi hiyo haimsaidii jaji hata kidogo. Daftari lenye mstari mmoja kwa kila kisiki linamsaidia.

Lakini msizuie malori. Najua hasira ilivyo, na najua vijana watasema afadhali walale barabarani kuliko kungoja korti. Kumzuia mwenye leseni au afisa wa msitu kunaweza kukufanya wewe uwe mshtakiwa, na siku mtakayofika mbele ya jaji kuomba amri, upande wa pili utakuja na OB, yaani ripoti ya kitabu cha matukio cha polisi, badala ya mpango wa usimamizi. Kuripoti polisi au kwa KFS ngazi ya kaunti ni sawa, maana kukata mti wa msitu wa umma bila leseni ni kosa chini ya kifungu cha 64, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 100,000 au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Ila kesi ya jinai iko mikononi mwa serikali, si mwako, nayo haisimamishi msumeno.

Umeuliza kama asiye na ardhi msituni anaweza kushtaki. Swali hilo lina historia chungu katika nchi hii. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo refu lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Kesi ilitupwa nje: mahakama ilisema hana haki ya kushtaki, kwani bustani haikuwa yake na hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko mtu mwingine. Kwa miaka mingi mlango ulikuwa umefungwa hivyo, na misitu ikaendelea kugawanywa huku watu wakitazama. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hektari 35,000 kutoka msitu wa Mau Mashariki peke yake, huko huko kwenu. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilikuwa imeanza kuulegeza mlango huo, na Katiba ya 2010 ikaufungua kabisa. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inasema anayeamini haki hiyo imevunjwa, inavunjwa au iko karibu kuvunjwa anaweza kwenda mahakamani, na halazimiki kuthibitisha kwamba yeye au mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Shika hayo maneno "iko karibu kuvunjwa". Huna haja ya kungoja podo ya mwisho ianguke.

Kuhusu sahihi ya mwenyekiti, isikutishe. CFA ni chama kinachotambuliwa na sheria ili jamii ishiriki kutunza msitu na kupata matumizi yake: kuni, malisho, asali, dawa. Mwenyekiti anaweza kukifunga chama katika makubaliano na KFS kama katiba ya chama inamruhusu. Hawezi kuiuza haki yako ya kikatiba, na sahihi yake haigeuki kuwa ushirikishwaji wa umma kama hakuna mkutano ulioitwa. Ombeni kumbukumbu za mkutano huo: tarehe, ajenda, orodha ya waliohudhuria. Kama hazipo, hiyo ni hoja ya pili ya kesi yenu, na ina uzito wake. Mnaikumbuka marufuku ya kukata miti iliyotangazwa Februari 2018, iliyoanza kama ya siku 90 kisha ikaongezwa mara kwa mara? Rais alitangaza kuiondoa tarehe 2 Julai 2023, akiwa Molo, mwendo mfupi tu kutoka kwenu. Chama cha Wanasheria kikaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na kufikia mwanzoni mwa Agosti mahakama ilikuwa imetoa amri ya muda kusimamisha uondoaji huo. Kilichobishaniwa pale kilikuwa namna uamuzi ulivyofikiwa: je, umma ulishirikishwa? Hoja hiyo ilisimama hata dhidi ya tamko la mkuu wa nchi, sembuse karatasi ya mwenyekiti wa CFA. Wakili wako aisome ile kesi hadi amri yake ya mwisho kabla ya kuitumia, maana amri za muda hubadilishwa, na jaji hukasirika akitajiwa amri iliyokwisha muda.

Mlango gani basi? Hapa kuna shimo ambalo mawakili wenyewe hutumbukia. Kifungu cha 70 cha sheria ya misitu kinasema mgogoro kuhusu msitu uanzie ngazi ya chini kabisa ya ugatuzi, usipotatuliwa uende Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi iusikilize kwa rufaa. Leseni za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nazo zina njia yake ya kwenda kwenye baraza hilohilo, ndani ya siku 60. Ukiruka ngazi hizo, jambo la kwanza utakalosikia ni pingamizi la awali kwamba mahakama haina mamlaka.

Wakazi wa Kisumu waliolalamikia uchafuzi katika kesi ya Kibos walilionja hilo. Walishinda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakama ya Rufaa ikafuta ushindi kwa sababu ya mamlaka, na Agosti 2020 Mahakama ya Juu ikasema masuala ya leseni yalipaswa kwanza kupita kwenye baraza, huku yale ya kikatiba yakihifadhiwa yangoje. Baada ya miaka yote hiyo, ushindi wao ukawa si kitu. Kwa muda, uamuzi ule ulitumiwa kufunga karibu kila kesi ya mazingira. Kisha Desemba 2023, katika kesi ya Nicholus dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilisema kuwepo kwa njia nyingine hakumfungii mtu mlango wa kudai haki yake ya mazingira moja kwa moja mahakamani, hasa pale ambapo njia hiyo nyingine haiwezi kumpa nafuu anayoihitaji.

Kwa hiyo ombi lako liandikwe kwa uangalifu. Ukiandika tu kwamba leseni ilitolewa vibaya, utaambiwa nenda kwenye baraza. Ukieleza kwamba chanzo cha maji ya kijiji kinaharibiwa, kwamba haki chini ya Ibara ya 42 iko hatarini, kwamba umma haukushirikishwa, na kwamba unahitaji amri ya haraka ambayo ngazi ya kaunti haina uwezo wa kuitoa, umeingia pale Nicholus alipofungua. Hata hivyo mimi ningeandika barua kwa chifu na kwa ofisi ya mazingira ya kaunti kabla ya kufungua kesi. Haigharimu kitu, na pingamizi likija utakuwa na muhuri wa kuonyesha kwamba ulibisha hodi.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Nakuru mjini, huna haja ya kwenda Nairobi. Wenzako wa upande wa magharibi wana za Kericho, Eldoret, Kakamega na Kisumu. Ombi huingizwa pamoja na hati ya dharura, na kitu cha kwanza mnachokitaka ni amri ya muda ya kuhifadhi hali ilivyo hadi kesi isikizwe. Jaji ataangalia kama kesi yenu ina mashiko mwanzoni, kama bila amri hiyo shauri zima litabaki jina tu, na, kama Mahakama ya Juu ilivyosisitiza mwaka 2014 katika kesi ya Munya, maslahi ya umma yako wapi. Hapo daftari la visiki linafanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote. Jaji akiona kwamba mitarakwa imeanza kuanguka hatua kumi kutoka kwenye chemchemi, anajua ya kwamba wiki mbili za kuahirisha ni msitu wenyewe. Kadiri mnavyochelewa, hoja hiyo inapungua, na mtaulizwa mlikuwa wapi tangu lori la kwanza.

Msiombe kusimamisha tu. Ibara ya 70 inamruhusu jaji kuagiza ofisa wa umma achukue hatua za kuzuia madhara, na pia kuagiza fidia. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inatoa nafasi ya amri ya kurudisha mazingira katika hali yake: kupanda upya miti ya kiasili kando ya chemchemi, kuondoa matawi na udongo uliosukumwa majini, tena kwa gharama ya aliyeharibu. Wengi husahau kuliomba hili, wakashinda kesi na bonde likabaki tupu.

Jambo jingine niliseme haraka. Katika Mau kuna kesi za aina nyingine, za nani anamiliki ardhi ya msitu. Inayojulikana zaidi ni ya Waogiek, jamii ya asili ya msitu huo, ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa ushindi tarehe 26 Mei 2017, ikafuata na uamuzi wa fidia Juni 2022. Wakitokea watu wa kuwashawishi muunganishe madai ya ardhi na kesi yenu ya chemchemi, kataeni kwa upole. Kila dai lina wenyewe, na dai la ardhi litaichelewesha amri mnayoihitaji wiki hii.

Na ng'ombe wako. Ibara ya 22 inasema hakuna ada inayotozwa kufungua kesi ya haki za kimsingi, na kanuni za mwaka 2013 zinamruhusu mtu kuleta malalamiko yake hata kwa barua ya kawaida au kwa mdomo, yakaandikwa na mahakama. Kuhusu gharama za upande wa pili, kawaida ya jumla ni kwamba anayeshindwa hulipa, lakini jaji ana hiari, na katika kesi zilizofunguliwa kwa nia njema kwa maslahi ya umma, mahakama zetu mara nyingi huamuru kila upande ubebe zake. Hiyo si dhamana. Mtu akionekana alitumwa na mfanyabiashara mshindani, au alificha jambo alilolijua, anaweza kutozwa. Kwa hiyo elezeni kila kitu kwenye hati ya kiapo, pamoja na yale yasiyowafaa: kwamba wewe ni mwanachama wa CFA, kwamba mwenyekiti alitia sahihi, kwamba hamlalamikii saipresi zilizokomaa. Shtakini mkiwa watu kadhaa wanaoteka maji pale, wala usibebe jina peke yako. Kabla ya kumlipa wakili, pitia ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na uulize kama wanaweza kuwasimamia. Mkiajiri wakili wenyewe, mkubaliane ada kwa maandishi, na mumweleze tangu siku ya kwanza kwamba ombi la amri ya muda liingie masjala kabla hajaanza kuandika mengine yote.